Kiazi cha Dirishani

Jumamosi tulikwenda kwa muuza miche, mimi na Nyemo,
kando ya barabara ya Iringa,
noti ya elfu kumi nimeifunga pembe ya khanga,
tutafute cha kukipamba chumba chao,
yeye na mdogo wake Lameki,
chumba chenye ukuta wa manjano mpaka kiunoni,
juu yake saruji tupu,
maana rangi iliisha kabla ya ukuta
na kopo la pili tunaahidiwa tangu Pasaka.

"Chukua huu," akasema kijana wa miche.
Jani pana kama sinia, limerashiwa maziwa.
"Maofisini wanaugombea. Hautaki jua, hausumbui."
Nikamuuliza: na mtoto akiutafuna?
Akageukia barabara. Lori la saruji likapita, lote,
na tela lake.
"Ulimi huvimba kidogo, mama. Kidogo tu."

Kidogo!
Lameki ana miaka miwili
na ameshaonja mkaa, sabuni ya kipande,
kandambili ya baba yake,
na ukurasa mzima wa kitabu cha kwaya.

Akanionyesha wa miiba. "Huu ni mlinzi."
Mlinzi wa nani, dhidi ya nani,
chumba ambamo watu wanacheza kombolela gizani?

Akanipa waridi la plastiki, halinywi maji.
Hapo nikasita, nisiseme uongo:
kwetu Nkuhungu bomba hukohoa Jumanne na Ijumaa,
usiku wa manane,
ndoo zimepanga mstari kama wanafunzi wa gwaride.
Nikaigusa pembe ya khanga.
Nyemo akalinusa waridi, akalinusa tena.
"Mama, hili halijazaliwa."

Tukarudi mikono mitupu,
elfu kumi ikiwa elfu kumi
kasoro ubuyu wa mia tano.

Na jikoni, chini ya meza, nyuma ya debe la uwele,
kiazi kitamu cha Gairo nilichokisahau
kilikuwa kimetoa pembe za zambarau,
hakikumwomba mtu udongo wala ruhusa.
Nyemo akakibeba kama kifaranga.

Tukakiweka kwenye chupa ya jemu,
njiti tatu za kiberiti zikikishika mabegani,
nusu majini, nusu nje,
kama mtu anayejaribu baridi ya kisima.
Siyo dirisha la magharibi: jua la saa kumi linang'ata.
Siyo juu ya kitanda: Lameki huvuta kila kinachoning'inia.
Dirisha la mashariki, karibu na msumari
uliokuwa wa kalenda ya mwaka jana.

Upepo wa Julai ukaja na vumbi lake jekundu,
tukawa tunayafuta majani kwa fulana kuukuu iliyoloweshwa,
Nyemo ya juu, Lameki ya chini.
Lameki hufuta moja, hulamba moja.
Namwacha.
Ni matembele.

"Mbona mmeotesha mboga chumbani?"
akauliza baba yao, hata begi hajalitua.
"Siyo mboga," Nyemo akasema, "ni pambo."
"Mboga," akasema Lameki, neno lake la tisa.

Sasa kimepita msumari,
kinatambaa palepale rangi ilipokomea,
kama kimetumwa kuuficha ule mpaka.
Kopo la pili sijaliulizia tena.

Juzi, tarehe ishirini na saba,
mshahara bado, gengeni nina deni,
nilisimama mlangoni mwao saa nane mchana
na kisu cha mboga mkononi.
Wamelala. Mguu wa Lameki uko kwenye shavu la dada yake.
Majani yote yamegeukia dirishani,
yamenipa mgongo,
kama watu wasiodhani wanaweza kuliwa.

Nikarudi jikoni kwa vidole vya miguu,
nikachemsha mlenda mkavu.